Malalamiko ya mwananchi: Ofisi ipi husikiliza, ipi huamua

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Mbuchi, kata iliyo ndani ya Delta ya Rufiji wilayani Kibiti, Mkoa wa Pwani, anayetaka kulalamika dhidi ya idara ya serikali, kampuni ya simu au chama cha ushirika, huanza kulipa gharama kabla hajafungua kinywa. Sehemu kubwa ya delta ni mito, vijito na mikoko. Usafiri wa boti hufuata maji kujaa na kupwa, na ofisi nyingi zenye uamuzi zipo Kibiti mjini, Kibaha yaliko makao makuu ya mkoa, au Dar es Salaam na Dodoma. Akibisha hodi mlango usio wake hupoteza nauli na siku ya kazi, na wakati mwingine hupoteza muda wa kisheria ambao haurudi.

Mkazi wa Dar es Salaam ana nafuu ya daladala tu. Naye huzungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine, na mara nyingi sababu ni ile ile: amekwenda kwenye ofisi yenye jina kubwa, badala ya ofisi iliyopewa na sheria uwezo wa kuamua jambo lake.

Ofisi za kupokea malalamiko si chache nchini. Tangu serikali ilipojitoa katika kuendesha biashara nyingi, zimeundwa mamlaka za udhibiti, tume, mabaraza na wakala kwa karibu kila sekta, na karibu kila moja ina dawati la malalamiko. Baadhi ya vyombo hivyo huchunguza na kushauri. Vingine hupatanisha. Vichache ndivyo hutoa amri inayomlazimisha mlalamikiwa kulipa, kurejesha au kuacha. Mlalamikaji asiyetofautisha makundi hayo hufurahia barua ya ushindi isiyotekelezwa na mtu.

Funzo la kambamiti

Delta yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hili. Katika miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilipendekeza kufuga kambamiti katika eneo la delta la hekta zipatazo 10,000. Kwa wakazi wanaotegemea mpunga, uvuvi na mikoko, pendekezo hilo lilimaanisha uwezekano wa kuhamishwa, kukatwa kwa mikoko na kuharibiwa kwa mazalia ya samaki na kamba wanaovuliwa na watu wa kawaida.

Wapinzani wa mradi walipata mtetezi ndani ya serikali yenyewe. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), baada ya kupitia tathmini ya mradi, lilishauri usiidhinishwe. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1997 serikali iliuridhia. Haikuvunja sheria kwa kutofuata ushauri huo, kwa kuwa NEMC ya wakati ule iliundwa na sheria ya mwaka 1983 iliyoipa kazi ya kushauri. Hoja ilikuwa nzito, lakini chombo kilichoikubali hakikuwa na kalamu ya mwisho.

Ndipo wakazi wa delta, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa chama cha LEAT na kupazwa sauti na waandishi wa habari za mazingira wa JET, walipofungua shauri Mahakama Kuu. Mahakama ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuzuia, na kufunguliwa tu kwa shauri kulibadili hesabu za mwekezaji. Mradi haukutekelezwa.

Hali ya sheria imebadilika tangu hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaka mradi mkubwa wa aina hiyo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata cheti kabla ya kuanza, na imeipa NEMC uwezo wa kukagua, kutoa amri na kutoza faini. Kwa hiyo mwananchi wa Mbuchi anayeona leo kiwanda, bwawa au machimbo yanayochafua kijito ana sababu ya kwenda NEMC ambayo baba yake mwaka 1997 hakuwa nayo.

Tume inayopendekeza

Dhidi ya uonevu wa watendaji wa serikali kwa ujumla, chombo kikuu ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ilianzishwa na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 na sheria namba 7 ya mwaka 2001, ikichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoifanya Tanzania katika miaka ya 1960 kuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwa na chombo cha namna hiyo. Hupokea malalamiko ya uvunjaji wa haki za binadamu na ya matumizi mabaya ya madaraka, bila malipo, kwa mdomo au kwa maandishi, kwa mlalamikaji mwenyewe au mtu anayemwakilisha. Haichunguzi mwenendo wa Rais wala jambo ambalo tayari liko mahakamani.

Tume huchunguza kisha hutoa mapendekezo. Ofisi iliyopelekewa mapendekezo hutakiwa kueleza, katika muda usiozidi miezi mitatu, hatua iliyochukua. Isipofanya hivyo, Tume au mlalamikaji anaweza kwenda mahakamani. Maana ya maneno hayo ilipimwa na wanakijiji wa Nyamuma wilayani Serengeti, walioondolewa kwenye makazi yao mwaka 2001. Tume iliwachunguzia na kupendekeza walipwe fidia na kurejeshwa. Serikali haikukubali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda mahakamani, kikakwama kwanza, hadi Mahakama ya Rufani katika rufaa namba 88 ya mwaka 2006 ilipoamua kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kwa amri ya mahakama.

Kwa hiyo anayefika mbele ya Tume ajue anajenga msingi wa kwenda mbele zaidi. Ripoti ya Tume ni ushahidi mzito uliokusanywa kwa gharama ya serikali, jambo ambalo mkulima hawezi kulifanya peke yake.

Kuanzia kijijini

Malalamiko mengi hayahitaji kufika huko. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo chenye madaraka ya juu kijijini, na hapo ndipo serikali ya kijiji hutakiwa kusoma mapato na matumizi. Fedha za ushuru, za mauzo ya mazao ya misitu au za michango ya shule zikitiliwa shaka, swali huulizwa kwanza mkutanoni na kuandikwa katika muhtasari. Mwanakijiji akitoka hapo bila jibu, huandika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, ambaye ndiye mwajiri wa watendaji wa vijiji na msimamizi wa idara za elimu, afya, kilimo na ushirika wilayani.

Diwani ni mwakilishi. Anaweza kulibeba jambo hadi baraza la madiwani, na shinikizo lake ni la kweli, lakini hana uwezo wa kumwadhibu mtumishi peke yake. Mkuu wa Wilaya husimamia shughuli za serikali kuu na usalama, na ofisi yake husikiliza kero. Anaweza kuagiza idara ijibu. Hawezi kuamua nani mmiliki wa shamba. Mikutano ya hadhara ambayo kiongozi huagiza papo hapo fulani arudishiwe shamba lake hupendeza sana kwenye picha, lakini agizo kama hilo halina nguvu ya hukumu, na aliyeshangiliwa siku hiyo aweza kushindwa katika baraza la ardhi mwaka unaofuata.

Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika muongo wa 2010. Mgogoro wenye nyaraka za kabla ya hapo unaweza kumlazimu mlalamikaji kufuatilia majalada Utete, makao makuu ya Rufiji, si Kibiti. Ni vema kuuliza hilo kwa simu kabla ya kupanda boti.

Tuhuma za rushwa hazifuati ngazi hizo. Mtendaji akidai fedha ili atoe barua, au fundi wa mkandarasi wa umeme vijijini akitaka malipo ya pembeni, jambo hilo ni la Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), ambayo namba yake ya bure ni 113. Kupeleka tuhuma ya rushwa kwa bosi wa mtuhumiwa ni kumpa muda wa kusafisha meza. Mtoa taarifa ana kinga katika Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Kama tatizo ni mali na maslahi ya kiongozi ambayo hayakutamkwa, wahusika ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma.

Kwa malalamiko ya kawaida ya huduma, serikali imeweka mfumo wa e-Mrejesho unaopatikana kwa intaneti na kwa simu isiyo na intaneti kupitia *152*00#. Faida yake kwa mtu wa delta ni kwamba lalamiko huacha alama ya tarehe.

Shamba na mipaka

Migogoro ya ardhi ina njia yake, na ni njia isiyorukwa. Sheria ya Mahakama za Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilipanga Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Hadi mwaka 2021 Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri madogo. Marekebisho ya mwaka huo yaliliondolea uwezo huo, na sasa kazi yake ni kupatanisha. Wananchi wengi bado hawajalijua badiliko hilo, na wapo wanaoendelea kushikilia matumaini ya “hukumu ya kata”.

Utaratibu wa sasa ni huu: mgogoro hupelekwa Baraza la Kata, ambalo lina siku 30 za kupatanisha. Upatanishi ukishindikana, baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo ndiyo tiketi ya kuingilia Baraza la Wilaya. Siku 30 zikipita bila upatanishi, mlalamikaji anaruhusiwa kusonga mbele. Atakayekwenda wilayani bila kupita kata hurudishwa, na kwa mtu wa Mbuchi kurudishwa ni nauli mbili. Uamuzi wa Baraza la Wilaya hukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Ndani ya delta kuna jambo la ziada. Mikoko ni msitu wa hifadhi tangu enzi za Wajerumani na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), wakati vijiji na mashamba ya mpunga vimo humo humo. Mkulima aliyeondolewa shambani na maofisa wa misitu hana mgogoro na jirani yake, ana mgogoro na hifadhi. Baraza la Kata halina la kumpatanisha. Hapo malalamiko huandikwa kwa meneja wa TFS wa wilaya, nakala kwa wizara yenye dhamana ya maliasili, na kama nyumba ilichomwa au mtu alipigwa, kwa polisi na kwa Tume ya Haki za Binadamu. Polisi wa eneo hilo wapo chini ya Mkoa wa Kipolisi Rufiji, ulioanzishwa mwaka 2017.

Gunia moja, ofisi nne

Hakuna mfano unaoonesha vizuri mgawanyo wa mamlaka kuliko gunia la ufuta au la korosho. Mkulima wa Kibiti hupeleka mazao kwa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, mazao huingia ghala kuu, huuzwa kwa mnada ambao katika miaka ya karibuni umeendeshwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), kisha fedha hurudi kupitia benki. Akipata pungufu ya alichotarajia, hulalamika kwamba “ushirika umetuibia”. Kauli hiyo moja ina uwezekano wa malalamiko manne tofauti.

Kama mizani ilisoma kilo chache kuliko uzito halisi, mhusika ni Wakala wa Vipimo. Ndio wanaokagua na kupiga muhuri mizani, na ndio wenye uwezo wa kuikamata. Lalamiko hili hufaa litolewe siku hiyo hiyo, kwa kuwa mzani uliochezewa leo waweza kuwa sahihi kesho. Wakala huo ndio pia hushughulikia lumbesa kwa wanaouza viazi, mkaa na mboga.

Kama uzito ni sahihi lakini makato hayaeleweki, au malipo yamechelewa, au viongozi wa chama hawajaitisha mkutano, jambo ni la Tume ya Maendeleo ya Ushirika, inayoongozwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013. Wilayani huanzia kwa afisa ushirika wa halmashauri, na mkoani kwa Mrajis Msaidizi. Mrajis anaweza kuagiza ukaguzi wa vitabu na kuwaondoa viongozi. Chama kikuu cha ushirika cha mkoa, CORECU, si hakimu wa AMCOS. Chenyewe ni sehemu ya mnyororo huo na mara nyingine ni mlalamikiwa.

Kama mazao yalipokewa ghalani kwa daraja moja na kutolewa kwa daraja jingine, au yaliharibika yakiwa humo, swali ni la Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa waendesha ghala. Na kama kuna karatasi za kughushi au fedha zilizoliwa, ni TAKUKURU na polisi.

Ofisi zote hizo zitauliza jambo moja: stakabadhi. Mkulima anayeuza kwa “kangomba”, yaani kwa mnunuzi wa mlangoni nje ya utaratibu, hana karatasi, na bila karatasi hana lalamiko ambalo lolote kati ya hivyo vyombo linaweza kulishika.

Dukani na kwenye simu

Mnunuzi wa mjini na wa kijijini hukutana hapa. Bidhaa bandia, yaani iliyobandikwa nembo ya mwingine, ni ya Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa na sheria ya mwaka 2003. Bidhaa yenye jina halisi lakini hafifu, na pia chakula na vipodozi visivyo salama, ni ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kabla ya Julai 2019 chakula na vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, na wapo wanaoendelea kuitafuta ofisi hiyo. Iliyobaki sasa inaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na jina lake linajieleza. Mbegu isiyoota ni ya TOSCI, mbolea ni ya TFRA, na viuatilifu ni vya TPHPA. Mkulima asitupe mfuko wala risiti, kwa sababu namba ya toleo iliyo kwenye mfuko ndiyo huwawezesha wakaguzi kufuatilia shehena yote.

Katika huduma zinazodhibitiwa kuna kanuni moja inayojirudia: anza na mtoa huduma. Mteja wa TANESCO au wa mamlaka ya maji ya mjini hulalamika kwanza kwa shirika lenyewe, hupewa namba ya lalamiko, na asiporidhika hupanda kwenda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mteja wa kampuni ya simu hupanda hivyo hivyo kwenda Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), mteja wa benki au mkopeshaji kwenda Benki Kuu. Mwenye mgogoro wa bima ana Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. EWURA na TCRA wana uwezo wa kusikiliza na kuamua, na asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani. Kila sekta pia ina baraza la watumiaji, mfano EWURA CCC na TCRA CCC. Mabaraza hayo humsaidia mlalamikaji kuandika na kufuatilia, ila hayatoi uamuzi.

Maji ya kijijini yana njia tofauti. Visima na miradi ya vijiji iko chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2019, na kila mradi huendeshwa na chombo cha watumiaji maji cha jamii. Bomba likikauka Mbuchi, EWURA si mlango wa kwanza. Meneja wa RUWASA wa wilaya ndiye.

Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hupelekwa kwa namba 15040 bila malipo, na mwenye simu anaweza kupiga *106# kuona kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua. Fedha zikishatoka, mtu apige simu kwa kampuni mara moja azuie muamala, kisha aende polisi. TCRA haina uwezo wa kuvuta fedha kutoka mfuko wa mwizi.

Nauli ya basi iliyozidishwa huko Kibiti stendi ni ya LATRA, iliyochukua kazi ya nchi kavu ya SUMATRA mwaka 2019. Boti iliyojaza kupita kiasi au isiyo na maboya ya kujiokolea si ya LATRA. Ni ya TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Katika delta hilo ndilo lalamiko lisilopaswa kungoja barua. Nchi iliyozika abiria wa MV Spice Islander mwaka 2011, MV Skagit mwaka 2012 na MV Nyerere mwaka 2018 haina sababu ya kulichukulia kama kero ndogo. Barabara za kutoka barabara kuu kuingia vijijini ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017 na kusimamia ujenzi wa Daraja la Mbuchi. Barabara kuu ya Lindi na Mtwara ni ya TANROADS.

Mto ukifurika

Aprili 2024 mafuriko yalikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na makazi. Wapo wananchi walioyahusisha na Bwawa la Julius Nyerere lililoko juu ya mto. Serikali ilikanusha na kueleza kuwa chanzo ni mvua kubwa za msimu huo. Ubishi huo hauondoi swali la kiutaratibu: aliyepoteza shamba aende wapi?

Chakula, hema na mbegu za dharura ni za kamati ya usimamizi wa maafa, kuanzia kijiji hadi wilaya, na juu yake Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni muhimu jina la kaya liwemo katika orodha ya kijiji mapema. Masuala ya matumizi ya maji ya mto ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Uendeshaji wa bwawa ni wa TANESCO. Lakini hakuna kati ya hao atakayetoa fidia kwa sababu tu ameandikiwa barua. Anayeamini alidhurika kwa kosa la chombo cha umma na anataka fidia hana mwamuzi mwingine ila mahakama.

Kiboko, mamba au tembo akidhuru mtu au shamba, taarifa hutolewa haraka kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, ili uthibitisho ufanyike kabla mvua haijafuta nyayo. Kinacholipwa na wizara huitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au majeraha. Sheria haikiiti fidia, na kiasi chake hakilingani na hasara.

Siku 90 za serikali

Mtu anayetaka kuishitaki serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 kwa ofisi anayoilalamikia, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Marekebisho ya mwaka 2020 yalipanua sharti hilo likahusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika shauri, ambalo hufunguliwa Mahakama Kuu. Shauri lisilo na notisi hutupwa hata kama dai ni la haki.

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana muda mfupi zaidi: siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na siku 60 kwa migogoro mingine ya kazi. Mfanyabiashara anayepinga makadirio ya kodi ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Wengi hutumia siku hizo kuzunguka kwa wakubwa wakitafuta huruma.

Ushahidi unaweza kutafutwa kisheria. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka kwa ofisi ya umma, nayo hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Nakala ya mkataba wa mradi, orodha ya malipo au ramani ya mpaka wa hifadhi huweza kupatikana kwa barua ya ukurasa mmoja.

Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na mabaraza, hivyo barua ya malalamiko haihitaji mtafsiri. Inatosha iwe na jina na anwani, nini kilitokea na lini, nani alihusika, hatua zilizokwisha kuchukuliwa, na nini mlalamikaji anaomba kifanyike. Ipelekwe ikiwa na nakala mbili, moja ikagongwe muhuri wa kupokelewa na irudi naye kwenye boti.